Midogo Mbele, Mikubwa Nyuma

Jumatatu, 4 Mei. Lodwar.

Leo ndiyo leo! Mwalimu Nakuleu ametangaza miradi ya vikundi. Somo lenyewe ni lile la hesabu za uamuzi. Unachukua shida ya kweli, iwe foleni, njia ya lori au akiba ya dawa, unaipigia hesabu mpaka inyooke. Mwalimu kasema hataki shida za kitabuni, anataka shida yenye vumbi. Nikasema vumbi si kitu cha kutafutwa hapa Lodwar. Hakucheka.

Nimewekwa na Filsan na Gatdet. Filsan ni Msomali aliyekulia Kakuma, na ana tabia ya kuniuliza kwa nini kabla sijamaliza sentensi. Gatdet kwao ni Sudan Kusini, naye kakulia Kakuma. Mrefu, mkimya, anapiga hesabu kichwani huku akitafuna njugu. Mimi nilitaka kuwa na Ethuro. Ethuro akasema kikundi chake kimejaa. Nilihesabu: walikuwa watu wawili. Haya. Atanijua.

Nimejiteua meneja wa mradi. Hakuna aliyepinga, maana nilijiteua wakishaondoka.

Tena siandiki haya kwa mchezo. Somo hili nimeanguka mara mbili. Mjomba ndiye anayenisomesha, na amesema nikianguka tena narudi Kalemng'orok kuuza simiti na misumari dukani kwake mpaka nizeeke. Mjomba si mtu wa vitisho. Aproni yangu ameshaishonesha.

Jumanne, 5 Mei.

Kikao cha kwanza. Nilitoa wazo langu: tuchunguze foleni ya chapati kwenye hoteli iliyo karibu na soko, saa za chakula, kwa wiki nzima, sisi tukiwa ndani. Filsan akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa ajili ya elimu. Akasema Kakuma, karibu na duka la shangazi yake Aisho, kuna mfereji wa bomba ambao maji yake hutoka kwa saa chache tu, na kuna wanaorudi nyumbani na mitungi mitupu. Foleni ya kuchunguza ni hiyo. Gatdet akaacha kutafuna, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema hata mama yake huchota pale.

Kura: wawili kwa mmoja. Nilikubali kwa moyo mkunjufu nikaondoka bila kuaga.

Baadaye nimewaza vizuri. Kakuma kuna mashirika. Watu wa mashirika huvaa jaketi zile zenye mifuko mingi kifuani. Ukitatua shida ya maji mbele ya watu wa jaketi, utakosaje jaketi? Jioni nikamtafuta Mwalimu nikamwambia wazo la Kakuma ni langu. 

Kikundi cha Ethuro kinatafuta mahali pafaapo kuweka stendi za bodaboda hapa mjini. Wameshachapisha fulana. Fulana! Na mradi haujaanza.

Alhamisi, 7 Mei. Kakuma.

Tumefika. Jua la hapa halina utani. Gatdet kaenda kwao. Mimi nimepewa chumba cha nyuma ya duka la Aisho, katikati ya magunia ya mchele. Filsan yuko ndani na binamu zake. Aisho ni mama wa maneno machache na chakula kingi. Kanilisha anjera, ile mikate laini ya Kisomali, hadi nikashindwa kuinama kufungua viatu. Akaniuliza nasomea nini, nikamweleza kirefu, nikachora na mchoro kwenye mfuko wa sukari. Aliponiona nimemaliza akasema vema, ongeza chai.

Nadhani alielewa.

Ijumaa, 8 Mei.

Nimefika mferejini asubuhi na mapema, kalamu mfukoni. Hakuna mtu! Mitungi tu. Ya manjano, ya bluu, ya lita ishirini, ya kumi, ya tano, imepangana kutoka mferejini hadi karibu na ua wa kanisa. Katikati yake mna mawe, patipati zilizokatika na sufuria isiyo na kitako. Nikaandika: watu kwenye foleni, sifuri. Muda wa kungoja, sifuri. Nikamtumia Filsan ujumbe kwamba shida imekwisha, twendeni Lodwar.

Filsan akaja mbio na mtandio ukimpepea. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba mtungi ndio mtu. Mama anauweka alfajiri kisha anarudi kupika, kuuza, au kulala kidogo, na mtungi unamshikia nafasi. Anaujua kwa kitambaa alichoufunga, au kwa mkwaruzo ubavuni. Asiye na mtungi wa ziada anaweka jiwe, na jiwe hilo lina haki sawa na mtungi. Patipati vilevile.

Mitungi nimekubali. Jiwe nimekataa. Jiwe haliwezi kuwa mteja. Hata hesabu zina heshima yake.

Maji yalikuja mchana. Akina mama wakatokea kila upande, kila mmoja akasimama penye chake bila neno. Wa nyuma kabisa hawakupata. Gatdet alihesabu kila mtungi bila kuandika. Mimi niliandika bila kuhesabu.

Jumamosi, 9 Mei, asubuhi.

Nimepata! Nilikuwa nimejilaza kwenye mchele nikakumbuka kanuni ya darasani. Ukitaka wastani wa kungoja upungue, fanya kazi fupi kwanza. Mtungi mdogo hujaa upesi. Ukitanguliza mkubwa, wadogo wote nyuma yake wanateseka bure. Basi: midogo mbele, mikubwa nyuma. Ni hivyo tu! Kakuma nzima na mashirika yake hakuna aliyelifikiria.

Filsan anamsaidia shangazi yake dukani. Gatdet yuko kanisani, mazoezi ya kwaya. Hakuna wa kuniuliza kwa nini. Naenda.

Jumamosi, jioni.

Niandike kabla sijalala.

Niliipanga mitungi yote peke yangu. Ya lita tano mbele, ya kumi ikafuata, ya ishirini mwisho. Mawe nikayatupa nyuma ya ua. Patipati nikazirundika pamoja, takataka tupu. Foleni ikanyooka, nikaipiga picha. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile, na nasema hivyo hata sasa.

Maji yakaja. Akina mama wakaja. Mwanzoni walisimama kimya wakitazama. Nikadhani wameguswa.

Kisha wakaanza wote kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa wa kwanza. Sijaona foleni yenye watu wengi wa kwanza namna ile. Mwenye jiwe analitafuta jiwe lake, mwenye patipati ameshika za watu wengine, wawili wanavutana mtungi wa manjano ambao baadaye ilionekana ni wa mtu wa tatu. Kisomali, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Kongo, na katika lugha zote nilijua ninatajwa mimi.

Akatokea Nyadak, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Akauliza nani amegusa. Sikukana. Nikasimama juu ya tofali nikawaeleza kanuni, na kwamba nimeupunguza wastani wa kungoja kwa kiasi kikubwa.

Jambo moja tu ndilo walilokubaliana wote: wa kwanza wa kweli alikuwa Akuol. Aliweka mitungi yake mitatu mikubwa kabla jogoo hajawika, kwa kuwa leo alikuwa na wageni wa posa, wanakuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yake. Na mimi mitungi yake nilikuwa nimeipeleka mwisho kabisa. Alinijia polepole.

"Huyo wastani ni nani?" akauliza. "Yeye iko na wageni kama mimi?"

Swali zuri. Halimo kwenye silabasi.

Wakazozana mpaka maji yakakatika. Mitungi mingi ilibaki mikavu. Nilimwona Akuol akiiokota yake mitatu, myepesi, bila kunitazama, nikaona haya. Haya ya kweli. 

Nyadak akakata shauri: nikachote mfereji wa mtaa wa pili, nimletee Akuol kwa wilibaro, mitungi yote mitatu, mmoja mmoja, maana gurudumu la wilibaro lilikuwa bovu. Nako nikakuta foleni. Nikaweka mtungi nyuma, nikakaa. Sikupanga chochote.

Nilipofika na mtungi wa mwisho wageni walikuwa wameketi. Kaka wa bwana harusi akaniuliza, kwa ukali, huyu Mturkana ni nani anayewachotea maji wakwe zao, na ana ng'ombe wangapi. Nikasema sina hata mmoja. Akatulia kabisa, akanikaribisha chai.

Jumapili, 10 Mei.

Nyadak kakifukuza kikundi chetu mferejini. Hatuhesabu, hatuulizi, mpaka niombe radhi mbele ya kamati. Filsan hasemi nami. Gatdet anasema nami kwa kichwa tu.

Mimi kuomba radhi? Meneja?

Nimepata njia nyepesi. Takwimu za siku zilizobaki nimezitunga mwenyewe hapahapa kwenye mchele. Wiki nzima, kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa na kipaji, kazi haichoshi.

Jumatatu, 11 Mei.

Gatdet alizitazama takwimu zangu kwa muda wa kumenya njugu moja. Akauliza mbona zote zinaishia na tano au sifuri. Kisha akauliza mbona nimeandika maji yalitoka vizuri siku ya Alhamisi. Alhamisi haijafika. Hapo nilijisahau.

Filsan akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Esekon, ukimpelekea Mwalimu haya, tunaanguka sote watatu. Wewe umezoea kuanguka. Mimi na Gatdet hatujazoea, na hatuna mjomba mwenye duka."

Nikazikunja karatasi zangu nikazitia chini ya gunia.  

Jioni mjomba akapiga simu kuuliza habari za masomo. Nikasema yanaenda. Akauliza kama nitapenda mfuko wa aproni uwe mbele au ubavuni.

Jumanne, 12 Mei.

Nimeomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi na shukrani kwa waliohudhuria. Nyadak akanikatiza kwenye utangulizi, akasema hiyo maneno yote nimwambie Akuol, si yeye. Akuol alikuwa amekaa pale pale. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikasema, mama, nilikosea, nilipanga vya watu bila kuwauliza.

Akuol akacheka! Akasema posa ilikwenda vizuri. Wageni walisema nyumba inayoletewa maji na mwanamume si nyumba ya kudharau, na wakaongeza ng'ombe. Kasema nikitaka kupita tena na wilibaro, ana binti mwingine wa kuoza.

Nyadak hakucheka. Ametukubalia turudi, kwa sharti moja. Mimi nikiwa mferejini, mikono yangu ikae mfukoni.

"Hii mtungi iko na mwenyewe," kaniambia. "Hata hii jiwe iko na mwenyewe. Wewe iko na mfuko."

Jumatano, 13 Mei.

Mikono mfukoni kutwa nzima. Nzi wa Kakuma wamelijua hilo na wanalitumia.

Filsan na Gatdet wamehesabu, wameuliza, wameongea na kila mama. Filsan kagundua kwamba foleni yenyewe haina ubaya. Anayengoja ni plastiki, mtu anaendelea na kazi zake. Kinachowaumiza ni kwamba hakuna ajuaye maji yatakuja saa ngapi. Mama anaepua sufuria anakwenda kuchungulia, anarudi, anakwenda tena, asubuhi nzima. Na walio nyuma hawajui mapema kwamba hayatawafikia, wakatafute kwingine. Gatdet kapiga hesabu: kwa kasi ya mfereji ule, mitungi inayopata maji huishia karibu na mti wa mkunazi ulio kando ya foleni, mara nyingi. Basi pale pawekwe alama. Tangi linalolisha mfereji likianza kujaa, kengele ipigwe. Nyadak akasema ana ringi ya lori nyumbani, itasikika mpaka kwa Akuol.

Nikawakumbusha kwamba hilo niliandika siku ya kwanza kabisa. Watu kwenye foleni, sifuri. Filsan akauliza kwa nini basi sikusimamia hapo. Yule msichana na kwa nini zake.

Mchana niliteleza kidogo. Niliona si vibaya na mimi nikiwa na jiwe langu foleni, karibu na mbele, kwa utafiti tu. Nikalisogeza kwa mguu. Sharti lilitaja mikono. Nyadak akaniona.

Sasa na miguu.

Ijumaa, 15 Mei. Lodwar.

Siku ya kuwasilisha. Ethuro na fulana zake wakatangulia. Ramani yao ilikuwa ya rangi, nzuri mno, na kompyuta ikaonyesha stendi bora kabisa ya bodaboda ni katikati ya Mto Turkwel. Nilicheka kuliko wote. Lakini Ethuro naye akacheka, akasema ndivyo walivyogundua wamesahau mto, akaonyesha walivyorekebisha. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mtu anakosa mbele ya darasa na anapata alama! Sielewi.

Sisi tulikubaliana Filsan azungumze. Wao ndio waliokubaliana. Kompyuta nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo nikatangulia jukwaani nikafungua na ile picha yangu, foleni iliyonyooka. Darasa likavutiwa, nililiona. Mwalimu akauliza baada ya picha hiyo ilikuwaje.

Nikakohoa. Nikatafuta maji ya kunywa. Gatdet, ambaye hazungumzi, akazungumza.

"Mitungi ilibaki mikavu," akasema.

Filsan akaichukua kompyuta mikononi mwangu, taratibu tu, akaendelea. Alieleza yote, hata kosa langu, bila kunitaja jina. Kengele, alama, mkunazi. Watu walipiga makofi. Ethuro alipiga makofi. Na mimi nilipiga, nikakumbuka ni mradi wangu, nikaacha.

Kisha Mwalimu akatuita ofisini mmoja mmoja. Kila mtu aseme wenzake walifanya kazi kiasi gani, kwa kumi. Nikapiga hesabu ya haraka. Sifa ni kama mkate, ukimkatia mwenzako kipande kikubwa, chako kinapungua. Nikampa Filsan nne. Gatdet nikampa tatu, kwa sababu ya njugu. Mwalimu hakuniuliza juu yangu mwenyewe, lakini nilijitolea. Tisa.

Jumatatu, 18 Mei.

Filsan na Gatdet wamepita, tena vizuri sana.

Mimi nimeitwa ofisini. Mwalimu kaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba wote wawili walinipa saba. Filsan alisema niliomba radhi kama mtu mzima, na kwamba bila kosa langu wasingeielewa foleni ile. Gatdet alisema nilisukuma wilibaro bila kulalamika. Kisha Mwalimu akanisomea niliyoyasema mimi juu yao.

Nilitazama sakafu. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Hukumu: sijapita, sijaanguka. Nafanya mradi mmoja zaidi, peke yangu. Nitakwenda Kaaleng, ambako mbuzi wanachanjwa mapema mwezi ujao na kuna malalamiko ya kucheleweshwa. Nikishindwa huo, Mwalimu atampigia mjomba yeye mwenyewe.

Nikawafuata wenzangu nje nikawaambia nisameheni. Filsan akasema haina neno, ila huko niendako niulize watu kwanza. Gatdet akanipa njugu, mkono mzima. Nilikaribia kulia hadharani. Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba nitauliza.

Jumanne, 2 Juni. Kaaleng.

Peke yangu! Sijui kwa nini hawakunipa mradi wa peke yangu tangu mwanzo. Mwalimu bila shaka aliona kipaji kinabanwa na kikundi.

Nimefika jioni, nimesalimiwa ejok kila upande, nimetembea kuona hali. Shida nimeiona papo hapo, bila hata kalamu. Wafugaji wameleta mbuzi wao kwa mamia, na kila mmoja kawafungia wake kwenye boma lake la miiba, wakubwa kwa wadogo pamoja. Daktari wa mifugo anamaliza boma la huyu ndipo aende la yule. Anapambana na beberu mkubwa, huku vitoto visivyohitaji zaidi ya dakika moja vinalia nyuma. Ovyo kabisa! Hesabu haitaki kujua mbuzi ni wa nani.

Na nimetimiza ahadi. Nimeuliza. Nilimkuta mzee mmoja kando ya boma nikamuuliza kama mbuzi ni wengi. Akasema ni wengi. Basi nimeuliza.

Mjomba nimempigia nikamwambia atafute mtu mwingine wa duka. Ameuliza nina uhakika. Nikacheka tu.

Kesho alfajiri, wenyewe wakiwa wanakunywa chai, nafungua maboma yote. Nawachanganya wote uwanjani, kisha nawapanga upya, vitoto mbele, mabeberu mwisho. Mimi ni mtoto wa mjini, mbuzi nimezoea kukutana naye kwenye sahani, lakini mambo haya hayahitaji ufugaji. Jioni kila mbuzi atarudi kwa mwenyewe. Anamjua.